Miaka yangu mitano ya PhD ya fedha Marekani

Nilimaliza shahada ya uzamivu ya fedha mwaka jana katika chuo kimoja cha Marekani. Tangu nirudi Dar, vijana wanaofanya kazi benki wananiuliza maswali yale yale kuhusu kuomba na kusoma PhD hiyo, na mimi nilipoteza mwaka mzima kwa kutojua majibu yake.

PhD ya fedha si MBA, yaani uzamili wa biashara, iliyorefushwa. Hakuna atakayekufundisha kuchagua hisa wala kupanga bajeti ya kampuni. Miaka miwili ya mwanzo ni hesabu: nadharia ya uchumi, takwimu, ekonometria (takwimu za kupima mambo ya uchumi), kisha nadharia ya bei za hisa na hati fungani, na fedha za makampuni. Baada ya hapo unabaki na swali lako la utafiti.

Mara ya kwanza niliomba vyuo saba, vyote vikanikataa. Nilikuwa na uzamili wenye alama nzuri na miaka sita ya kitengo cha mikopo, nikaona yanatosha. Barua mbili kati ya tatu za mapendekezo ziliandikwa na mabosi wangu. Waliandika kwa moyo mweupe kabisa, kwamba mimi ni mwaminifu na nawahi kazini. Kumbe wanaodahili wanataka kujua kama mtu huyu anaweza kufanya utafiti, na hilo meneja wa tawi atalijuaje? Nikarudi kwa mwalimu aliyenisimamia uzamili, nikamsaidia utafiti wake jioni kwa miezi minane bila malipo. Usiku nilirudia kalkulasi na matriki tangu mwanzo. Mara ya pili niliomba vyuo tisa, viwili vikanikubali.

Gharama za kuomba zinauma: ada ya kila chuo, GRE, mtihani wa kuombea masomo ya juu (matokeo yake yanadumu miaka 5, sikurudia), halafu dola 350 za SEVIS, mfumo wa serikali ya Marekani wa kusajili wanafunzi wa kigeni, kabla hata ya ada ya viza. Maombi mengi hufungwa Desemba au mwanzoni mwa Januari, na vyuo vingi hukupa hadi tarehe 15 Aprili kujibu ofa ya ufadhili. Ukipata ufadhili kamili, chuo kinalipa ada na kukupa posho, nawe unafundisha au unamsaidia profesa. Ofa isiyo na ufadhili, iache.

Mwaka wa kwanza tulikuwa wanne. Katika mtihani mkuu, swali la pili lilitaka tuthibitishe kwamba sokoni pasipo na faida ya bure, yaani faida isiyo na mtaji wala hatari, kila hali inayoweza kutokea kesho ina bei yake iliyo juu ya sifuri. Kauli yenyewe nilikuwa nayo kichwani, kuithibitisha sikuweza. Nilikaa dakika arobaini nikiitazama karatasi nyeupe. Nilifeli, nikarudia Agosti, nikapita. Mwenzetu mmoja aliondoka.

Kilichonipa furaha ni utafiti. Wenzangu walifungua data za CRSP, hazina ya data za hisa za Marekani, zenye bei za hisa za New York tangu mwisho wa mwaka 1925, safi, tayari kwa kazi. Mimi nilitaka Soko la Hisa la Dar es Salaam, lililoanza biashara Aprili 1998 na kampuni moja, TOL, ya gesi za viwandani. Nilikusanya ripoti za kila siku, nikaanza kuchapa bei moja moja kwenye jedwali. Kwenye safu ya kampuni moja, bei ile ile ilijirudia siku 23 mfululizo. Nikadhani nimekosea, nikataka kuzifuta. Msimamizi wangu akanizuia: hesabu hizo siku. Watafiti Lesmond, Ogden na Trzcinka walikuwa wameonyesha mwaka 1999 kwamba siku ambazo bei haisogei zinaweza kukuambia gharama ya kununua na kuuza, na mwaka 2007 Bekaert, Harvey na Lundblad wakapima ukwasi, yaani wepesi wa kununua na kuuza, wa masoko yanayoibuka kwa siku za namna hiyo. Hesabu ile ikawa sura ya kwanza ya tasnifu yangu.

Mwaka wa tatu, msimamizi huyo akahamia chuo kingine. Idarani hakubaki mtu mwingine anayejali masoko kama yetu, na hakuna aliyenieleza mapema. Nilisota miezi saba kabla ya kupata wa kumrithi. Laiti ningeuliza kabla ya kukubali ofa: walimu wangapi wanaweza kusimamia mada hii? Waliomaliza wameajiriwa wapi? Waulize wanafunzi waliopo, tena kwa simu, maana kwa barua pepe watu huandika kwa tahadhari.

Pamoja na hayo, ningeomba tena. Mdogo wangu anaomba mwaka huu. Jumamosi asubuhi tunakaa barazani na daftari la kalkulasi, na barua zake tatu zote zinatoka kwa walimu waliofanya naye utafiti.