TAHADHARI: Unga wa "protini ya Milano" wa kuzibua mishipa ya moyo ni utapeli mtupu

Kuna dada anazunguka Dar kwenye nyumba za wagonjwa wa moyo anauza unga kwenye vipakiti vya bluu, anauita protini ya Milano, eti unazibua mishipa. Msimpe hata mia. Kanipiga 350,000 na hela ndo kitu kidogo kwenye hii habari.

Mzee wangu aliwekewa stenti, kile kibomba cha kuuweka wazi mshipa wa moyo, na hali yake tangu hapo si nzuri. Huyu dada kaletwa na mtu wa jumuiya yetu, tunasali naye, kaja Jumamosi mchana na koti jeupe na kishikwambi, shikamoo baba, shikamoo mama, kampima mzee presha vizuri kabisa kama nesi. Akaomba glasi na maji, mama akamletea chupa ya chai. Akatumbukiza kijipande cha mafuta ya kupikia yaliyoganda, akamwagia kipakiti kimoja, akakoroga taratiiibu huku anamwangalia mzee usoni, mafuta yakapotea yote maji yakabaki meupe. "Baba, ndani ya mishipa yako kitatokea hivihivi." Mzee akanigeukia, hakusema kitu, ananiangalia tu, na mimi nikatoa simu nikalipa palepale. Maji ya moto jamani! Mafuta gani hayayeyuki kwenye maji ya moto, ukiongezea na kitu chenye asili ya sabuni si ndo yanapotea kabisa?

Na asiniambie mtu ningeshtuka mapema, maana stori aliyotupa kuhusu hiyo protini ya Milano ni ya kweli. Limone sul Garda kule Italia kweli kuna familia zina protini ya damu ya aina yake, kolesteroli nzuri yao iko chini lakini mishipa yao haizibi ovyo. Na 2003 kweli Marekani walijaribu dawa iliyotokana na hiyo protini, watu 47 walimaliza, utando wa mafuta kwenye mishipa ukapungua kidogo kwa wiki 5. Nilisoma mwenyewe usiku ule nikalala nimeridhika.

Alichoficha ni kwamba ile ilikuwa dripu, inaingia kwenye mshipa, sio unga wa kukoroga. Binamu yangu mfamasia ndo kanifungua: protini ukiimeza tumbo linaisaga kama linavyosaga yai, ndo maana insulini watu wanachomwa sindano. Tena ile dawa ilijaribiwa upya ikashindwa, 2016 wakaachana nayo, haijawahi kuuzwa duka lolote duniani. Sindano za protini za kushusha kolesteroli zipo kweli, evolokumabu na alirokumabu, Marekani walizipitisha 2015, ila zinakaa kwenye friji na anaandika daktari.

Kinachoniumiza mpaka leo, alimwambia mzee aache atorvastatini, dawa yake ya kushusha kolesteroli, eti inaua ini na inagombana na unga. Mzee kamtii. Baada ya wiki kadhaa, usiku mmoja akaanza kubanwa kifua, tukakimbizana naye hospitali, vipimo vikaonyesha kolesteroli mbaya imepanda kupita hata kabla ya stenti. Daktari akauliza nani kamwachisha dawa, mama akainamisha kichwa. Nampigia yule dada, kanibloku.

Huyu mtu afungwe! Kuchukua hela ya mgonjwa ni wizi, lakini kumwachisha dawa mtu mwenye stenti ni kutaka kumuua, na aliyemleta nae ajieleze mbele ya jumuiya nzima. Akamatwe kabla hajaingia nyumba nyingine.

Vipakiti havina namba ya usajili ya TMDA, mamlaka ya dawa ya Tanzania, wala jina la kiwanda, risiti hatoi, anataka utume kwenye namba ya mtu binafsi. Akikwambia tu acha dawa za hospitali, mfukuze.

Mzee karudishiwa dawa zake, anaendelea vizuri. Mwenye meseji zake, namba yake nyingine au kipakiti ambacho hakijafunguliwa anicheki inbox, wiki hii tunaenda polisi na kwenye ofisi za TMDA, tukiwa wengi hawatatupuuza.