Somo la ukungu kwenye simyuleta: nendeni, ila sio kwa ajili ya simyuleta

Nimetoka kujaribu hii huduma ya saa moja ya kurusha ndege ndogo kwenye simyuleta, yaani mashine ya kuigiza urubani ukiwa chini, ile sehemu wanaita somo la ukungu, na kama unajifunza urubani usiikose.

Simyuleta yenyewe kawaida tu. Skrini tatu, usukani umelegea kidogo, hedifoni zinabana masikio. Mwalimu kaniacha nikakaa sawa hewani halafu akaleta mawingu, nje kukawa kweupe pee, hakuna juu hakuna chini, nikajiambia ah si nitulie tu niende mbele. Kumbe bawa la kushoto linashuka taratibu, pua inafuata, kipimo cha urefu kinakimbia, mi nikavuta usukani ili nipande na hapo ndo nikaharibu kabisa, maana ndege ikishalala upande ukiivuta inazidi kujizungusha tu. Dakika mbili na ushee, chini. Mwalimu hata hakucheka, akasema mwaka 1954 Chuo Kikuu cha Illinois kiliwajaribu watu 20 hivihivi bila kuona nje, wote 20 ndege ikawashinda, wastani sekunde 178.

Sasa nyota zote nazipeleka kwenye kiti cha kuzunguka. Unafumba macho, wanakuzungusha kwa mwendo uleule, baada ya muda unaapa kimesimama, na wakianza kupunguza unahisi unaenda upande wa pili. Nilinyoosha kidole kulia huku watu wote mle ndani wananiona naenda kushoto, na nikabisha! Yale maji ya ndani ya sikio ndo yanadanganya, na simyuleta isiyotikisika haiwezi kukuonjesha huo uongo.

Ile ajali ya John F. Kennedy Jr., mtoto wa rais wa Marekani, Julai 1999, Piper Saratoga, usiku, utusitusi juu ya bahari karibu na kisiwa cha Martha's Vineyard huko Marekani, watatu wakafa, wachunguzi hawakukuta hitilafu kwenye ndege wakasema rubani alipotewa na mwelekeo. Siku zote nilikuwa namwona mzembe tu, hakuwa na leseni ya kuruka kwa vipimo tu bila kuona nje, alifuata nini kule. Bado naona hakupaswa kwenda, ila kile kiti kimenipunguza mdomo.

Lalamiko langu: kiti wanakipa dakika tano za mwisho, tena kama nyongeza. Waanze nacho bwana. Na usile kabla.