Mashine Isiyojua Mizani: Tathmini ya Programu ya Akili Unde katika Darasa la Ushairi

Tangu ChatGPT ifunguliwe kwa umma tarehe 30 Novemba 2022, mazungumzo mengi ya wahadhiri kuhusu akili unde yamekuwa juu ya namna ya kuwakamata wanafunzi wanaoandikiwa kazi na mashine. Mimi ninafundisha ushairi wa Kiswahili, na muhula uliopita niliamua kuingiza darasani programu mojawapo ya mazungumzo, toleo lake lisilolipiwa, ili niipime kama ninavyokipima kitabu cha kiada kabla ya kukipendekeza.

Kama mtunzi wa mashairi ya arudhi, yaani yanayofuata kanuni za mizani (idadi ya silabi) na vina (silabi za mwisho zinazofanana), programu hiyo ni dhaifu. Tuliiagiza itunge tarbia, shairi la mishororo minne kwa kila ubeti, yenye mizani 16 kwa kila mshororo, ikatuletea kwa sekunde chache beti tano zilizopangika vizuri, na chini yake ikathibitisha kwamba ukwapi (nusu ya kwanza ya mshororo) na utao (nusu ya pili) vina mizani 8 kila kimoja. Mshororo wa kwanza ulisema: “Elimu ni ufunguo wa maisha, tuitafute kwa bidii.” Ukihesabu utapata mizani 12 katika ukwapi na 9 katika utao. Programu za aina hii huunda maandishi kwa kubashiri kipande kinachofuata, na vipande hivyo havilingani na silabi zetu. Ndiyo maana inaweza kuyaeleza masharti ya arudhi kwa ufasaha huku ikishindwa kuyatimiza.

Udhaifu huo ndio niliougeuza kuwa zoezi. Kila kundi la wanafunzi wanne lilipewa shairi lake lililotungwa na mashine, likatakiwa kuhesabu mizani, kuonyesha vina vilivyoanguka, kuutunga upya ubeti mmoja bila kupoteza maana, na kutetea kila badiliko kwa maandishi. Kundi moja liliugeuza mshororo nilioutaja kuwa “Elimu ni ufunguo, tuisake kwa bidii,” mizani 8 kwa 8, kisha darasa zima likabishana kwa muda mrefu kama kuondoa “wa maisha” kumeufupisha mshororo tu au kumeupa pia upana ambao haukuwa nao. Kundi jingine lilipambana na mashine iliyoshikilia kwamba “mtu” ni silabi moja, na ili kuikanusha wanafunzi walilazimika kueleza kwa nini “m” ya “mtu” husimama peke yake ilhali ile ya “mbuzi” huungana na “b”. Nimekuwa nikilifundisha jambo hili ubaoni kwa miaka mingi, lakini sijawahi kuona likishikwa kwa ari kama hiyo, kwa sababu safari hii wao ndio waliokuwa walimu na kosa lilikuwa la mwingine.

Katika kutahini, nilitenga alama 20 kati ya 40 za kazi za muhula kwa zoezi hili, nusu yake ikitolewa kwa utetezi wa mdomo wa dakika kumi ambapo simu zote zilifungwa. Mwanafunzi aliyeielewa kazi yake alijieleza bila shida, na aliyeazima maelezo alitambulika kwa maswali mawili tu. Sikuhitaji programu ya kugundua maandishi ya mashine, na ninawasihi wenzangu wasizitegemee. OpenAI, kampuni iliyounda ChatGPT, wenyewe waliondoa kigunduzi chao mwezi Julai 2023 kwa sababu ya usahihi mdogo, na mwaka huohuo watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walionyesha kwamba vigunduzi walivyovijaribu vilizituhumu zaidi ya nusu ya insha za Kiingereza zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Wanafunzi wetu wengi huandika Kiingereza wakiwa katika hali hiyohiyo, na kumtuhumu mwanafunzi asiye na hatia ni dhuluma isiyorekebishika kwa urahisi.

Lahaja ziliishinda programu hiyo kabisa. Ilipoombwa Kimvita, lahaja ya Mombasa, iliandika “nti” katika mshororo wa kwanza na kurudia “nchi” ya Kiswahili sanifu katika wa tatu, kwa hiyo anayefundisha ushairi wa Mombasa au Lamu asiitarajie impe mifano. Nilijaribu pia kuipa shairi la mwanafunzi, bila jina lake, ili ilisahihishe. Siku ya pili ililipa shairi lilelile alama tofauti na za siku ya kwanza, nami nikaacha hapo. Anayetaka kujaribu hayo akumbuke kwamba Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na kazi ya mwanafunzi yenye jina na namba ya usajili si kitu cha kubandikwa popote.

Kuhusu gharama, simu moja kwa kundi ilitosha na maandishi matupu hayamalizi bando haraka, ingawa toleo la bure lina kikomo cha matumizi kilichotukatiza mara mbili katikati ya kipindi. Tangu hapo niliyachapisha mashairi mapema na kuyagawa kwenye karatasi. Matoleo ya kulipia, ambayo kwa kawaida hugharimu takriban dola 20 kwa mwezi, sioni sababu ya kumtaka mwanafunzi ayanunue.

Ninaipendekeza programu hii kwa mhadhiri wa ushairi, isimu au tafsiri aliye tayari kuketi na kila kundi na kulisikiliza. Mwenye darasa la wanafunzi 300 bila wasaidizi hataweza kuendesha utetezi wa mdomo, na bila utetezi huo nisingelitoa zoezi hili kwa alama.