Liquity: itifaki ya mikopo isiyo na habari za mwezi

Kazi yangu ni kupima programu kabla hazijawafikia watumiaji, na imenipa ugonjwa mmoja: nikiona neno "tumeboresha", naanza kutafuta kilichoharibika. Ndiyo maana itifaki za mikopo ya kripto, yaani programu za kukopeshana fedha za kidijitali, zinapotoa taarifa zao za maendeleo kila mwezi, mimi huzisoma kuanzia chini kwenda juu. Juu kuna mtandao mpya waliohamia, tokeni mpya inayopokelewa kama dhamana, sura mpya ya tovuti, na hesabu ya mabadiliko yaliyoingizwa kwenye msimbo, kana kwamba wingi wake ni sifa. Chini, kwenye mistari miwili mitatu isiyo na picha wala rangi, ndipo utakuta kiwango cha kufilisi mikopo (kuchukua dhamana ya mkopaji ili kulipia deni) kimesogezwa au chanzo cha bei kimebadilishwa. Mistari hiyo ndiyo inayogusa pesa yako.

Liquity, toleo la kwanza, haina mistari hiyo. Ilizinduliwa Aprili 2021 juu ya mtandao wa Ethereum, na tangu hapo msimbo wa mikataba yake, yaani programu zinazojiendesha kwenye mtandao huo, uko vilevile. Hakuna ufunguo wa msimamizi, hakuna kura ya kupandisha au kushusha viwango, hakuna kitufe cha kusimamisha mambo kukiwa na hatari. Waliiandika, Trail of Bits na Coinspect wakaikagua, kisha wakaiachia. Nimeitumia kama mkopaji, na nimeweka pesa upande wa pili pia, kwenye mfuko wa uthabiti, unaolipia mikopo iliyofilisiwa.

Mkopo wenyewe ni rahisi kuueleza. Unaweka ether, sarafu ya Ethereum, basi. Dhamana nyingine haipokelewi. Unapata LUSD, sarafu yao inayokusudiwa kuwa sawa na dola moja. Riba hakuna. Unatozwa ada mara moja tu siku ya kukopa, kuanzia asilimia 0.5, na katika hali ya kawaida haizidi asilimia 5. Kiwango cha chini cha deni ni LUSD 2,000, na dhamana yako haitakiwi kushuka chini ya asilimia 110 ya deni.

Skrini ya kufungulia mkopo inafaa kutazamwa kwa makini, kwa sababu hesabu yake huwashtua wengi. Andika kwamba unataka LUSD 5,000. Ada ikiwa iko chini kabisa, inaongezeka 25. Halafu inaongezeka 200, akiba inayowekwa pembeni ili atakayekufilisi, ikifika huko, afidiwe gharama zake. Deni linalosomeka ni 5,225, ilhali mkononi umepata 5,000. Zile 200 hazijapotea: ukifunga mkopo kwa hiari yako, mfumo unazifuta, na unachotakiwa kurudisha ni 5,025. Ila hizo 25 za ada hukupewa, kwa hiyo utazinunua sokoni. Na siku ambayo ether inaporomoka, kila mkopaji anakimbilia kununua LUSD apunguze deni, ikapanda juu ya dola moja. Mimi huacha LUSD kidogo kwenye pochi tangu siku ya kwanza, nisije nikazinunua kwenye foleni hiyo.

Kwa nini nimsifie mtu asiyefanya kazi ya ziada? Angalia waliofanya. Septemba 2021, Compound, itifaki nyingine ya mikopo, walipitisha kwa kura pendekezo namba 62, badiliko la namna tokeni zao za COMP zinavyogawiwa. Ndani yake kulikuwa na kosa, na mkataba ukaanza kuwamwagia baadhi ya watumiaji COMP zisizo zao, za thamani ya makumi ya mamilioni ya dola. Kosa lilionekana mapema. Lakini kanuni yao inataka kila badiliko lipitie kura na muda wa kusubiri, kama siku 7 hivi, na marekebisho nayo ni badiliko. Wakakaa wanatazama.

Euler, nayo itifaki ya mikopo, ndiyo iliyonifundisha zaidi. Machi 13, 2023 iliibiwa takriban dola milioni 197. Mlango aliopitia mwizi haukuwepo siku itifaki inazinduliwa. Ulikuwa kipengele kilichoongezwa mwaka 2022, kinachomruhusu mtu kuchangia akiba ya itifaki kutoka kwenye salio lake, na aliyekiandika hakuweka ukaguzi wa kuona kama baada ya mchango huo dhamana ya mchangiaji bado inatosha deni lake. Mwizi akajitumbukiza mwenyewe kwenye deni lisilo na dhamana, akajifilisi kwa akaunti yake nyingine, akaondoka na faida. Sehemu kubwa ya pesa ilirudishwa wiki chache baadaye, jambo nadra sana kwenye biashara hii. Fikiria sasa kipengele hicho kwenye taarifa ya mwezi: kingechukua mstari mmoja, tena mstari mzuri, "sasa unaweza kuchangia akiba". Nani angeuliza?

Mimi kazini ningeuliza, ndiyo, kwa kuwa nalipwa niulize. Msomaji wa kawaida halipwi.

Kwa hiyo itifaki isiyobadilika ina thamani moja ambayo hakuna kipengele kipya kinachoweza kuileta: ukaguzi uliofanyika jana bado ni wa leo. Liquity ilipata mtihani wake mapema. Mei 19, 2021, wiki sita tangu izinduliwe, bei ya ether ilianguka vibaya na mfumo ukaingia kwenye hali ya dharura, ambayo huanza jumla ya dhamana zote ikishuka chini ya asilimia 150 ya jumla ya madeni. Ikifika hapo, hata mkopaji mwenye asilimia 140 anaweza kufilisiwa. Mikopo mingi ilifilisiwa siku ile, mfuko ukameza madeni, wenye akiba kwenye mfuko wakapata ether kwa bei ya chini ya soko, na hakuna aliyeitisha kikao cha dharura, maana hakukuwa na cha kuamua. Ukiwa na dhamana ya asilimia 120 na unalala usingizi mzito, huduma hii si yako.

Lakini nisiwapambe. Kutobadilika kuna bei, na bei hiyo analipa mkopaji.

Mwenye LUSD yeyote anaweza kuipeleka kwenye mkataba na kupewa ether ya dola moja kamili kwa kila LUSD, ukiondoa ada. Ether hiyo inachukuliwa kwa mkopaji mwenye uwiano mdogo kuliko wote wa dhamana kwa deni, halafu anayefuata. LUSD ikiuzwa senti 98 sokoni, walanguzi wanainunua na kuja kuikomboa. Ikitokea kwako, deni lako linapungua kwa kiasi kilekile, kwa hiyo kwa hesabu ya dola hujaibiwa kitu. Ila ether zako zimeondoka, bila kuulizwa, pengine wiki moja kabla ya bei kupanda. Aliyekopa ili asiuze ether zake, zimeuzwa.

Mwaka 2021 hilo halikusumbua sana. Riba za dunia zilipopanda mwaka 2022 na 2023, mkopo usio na riba ukawa mtego: watu wanakopa LUSD bure, wanaiuza, wanakwenda kuweka pesa panapolipa zaidi. LUSD ikalegea bei, ukombozi ukaongezeka, na wakopaji wakawa wanashindana kuongeza dhamana ili tu wasiwe wa mwisho kwenye orodha. Itifaki nyingine ingepandisha riba, ikaandika mstari mmoja kwenye taarifa, yakaisha. Liquity haina mkono wa kufanya hivyo. Asilimia 110 iliyotangazwa kwenye kurasa zao, kwa vitendo, ilikuwa ya kwenye karatasi tu.

Dawa yao ikawa kujenga itifaki nyingine kabisa. Toleo la pili lilizinduliwa Januari 2025, lenye sarafu yake, BOLD, na humo mkopaji anajipangia riba mwenyewe. Anayejipangia riba ndogo kuliko wengine ndiye anayekombolewa kwanza. Ni wazo zuri, na kwa maoni yangu ndilo jibu la haki zaidi kwa tatizo lile, kwani unaamua mwenyewe utalipa kiasi gani ili usiguswe. Haikumaliza mwezi mmoja vizuri: Februari likagundulika tatizo kwenye mfuko wa uthabiti. Kwa kuwa hilo nalo haliwezi kurekebishwa likiwa kazini, watumiaji waliombwa watoe pesa zao, na mikataba mipya ikawekwa Mei 2025. Nimeona watu wakicheka. Mimi sikucheka. Walitangaza tatizo kabla mwizi hajalipata, na mabadiliko yakafanyika mbele ya kila mtu, kila mmoja akihamisha pesa zake kwa mkono wake na kwa idhini yake. Linganisha na kuamka asubuhi ukakuta mkataba uliouamini umebadilishwa usiku kwa kura ambayo hukujua ipo.

Kitu kimoja kinachonikera ni wale wanaosema itifaki hii haitegemei mtu yeyote. Bei ya ether inatoka Chainlink, huduma inayopeleka bei za soko kwenye mikataba, na Tellor, huduma kama hiyo, ni wa akiba; Chainlink ikikaa zaidi ya saa 4 bila bei mpya, au bei ikiruka zaidi ya nusu kwa mkupuo, mkataba unahamia kwa wa akiba. Utaratibu huo umegandishwa ndani ya msimbo, sawa, lakini wanaoendesha Chainlink bado wanaweza kubadilisha kilichoko nyuma ya anwani ile. Ukisoma habari za maendeleo kwa ajili ya Liquity, basi, soma za Chainlink.

Tovuti nayo ni sura ya kipekee. Waasisi hawakuendesha ya kwao; waliwaachia watu wengine wafungue, na mwenye tovuti anajichukulia sehemu ya zawadi za LQTY, tokeni ya Liquity, za wale wanaoweka akiba kwenye mfuko kupitia kwake. Niliyokuwa nikiitumia ilifungwa bila hata tangazo. Nikaingia kupitia nyingine na mkopo wangu ukawa palepale, tarakimu kwa tarakimu, kwa sababu tovuti ni dirisha tu. Hata hivyo, angalia sehemu anayojichukulia mwenye tovuti kabla ya kuweka akiba, maana akiba yako hubaki na alama ya tovuti hiyo mpaka uitoe yote.

Kwa nani, basi? Kwa mwenye ether nyingi kuliko deni analotaka, anayeweza kukaa asilimia 250 au zaidi na kuangalia orodha ya wakopaji mara kwa mara. Usitazame uwiano wako peke yake. Tazama kuna LUSD kiasi gani cha deni la watu walio chini yako, kwa sababu hao ndio ukuta wako. LUSD iliyoko sokoni leo ni kidogo kuliko ya mwaka 2021, kwa hiyo ukuta huo ni mfupi na mlanguzi mmoja mwenye pesa anaweza kuuruka kwa muamala mmoja. Mwenye kiasi kidogo asijisumbue: orodha ile inapangwa kwa uwiano, na kuingiza jina lako mahali pake kunakula ada ya gesi, malipo ya muamala kwenye Ethereum, ambayo kwa mkopo wa LUSD 2,000 inauma. Anayetaka dhamana zaidi ya ether tupu aende toleo la pili, ambalo linapokea wstETH na rETH, tokeni zinazowakilisha ether iliyowekezwa, akisome kwanza kile kilichorekebishwa kati ya Februari na Mei.