Spika za 5.1 za kompyuta: hesabu matundu kabla ya kuhesabu pesa

Lalamiko ni lile lile, litoke Ntinda, Mbarara au Gulu, hapa Uganda. Mtu kanunua seti ya spika tano na sabufa, kaipanga chumbani vizuri, tatu mbele na mbili nyuma, kafungua filamu ya vita. Helikopta inapita juu ya vichwa vya askari, lakini sauti yake haipiti popote. Spika zote tano zinasema jambo moja kwa wakati mmoja, na za nyuma zinatamka maneno ya mwigizaji aliye mbele kabisa kwenye kioo. Fundi anaitwa, anakagua waya, anasema seti ni nzima. Na kweli ni nzima. Kinachokosekana ni njia ya kupitisha chaneli sita, yaani sauti sita tofauti, kutoka kwenye kompyuta hadi kwenye sabufa, na dukani hakuna aliyeiangalia njia hiyo.

Kwa hiyo besi, taa za rangi na umbo la spika tuviache. Besi kila seti inayo, hata ile inayotikisa kabati badala ya kupiga muziki. Hapa tuna jambo moja: matundu ya nyuma ya sabufa.

5.1 maana yake ni chaneli tano za kawaida na moja ya besi. Kompyuta ikizitoa kwa njia ya analogi inahitaji waya tatu za jeki ya 3.5 mm, ile ya vipokea sauti, kila waya ukibeba chaneli mbili. Kijani ni spika za mbele, kushoto na kulia. Nyeusi ni za nyuma. Rangi ya chungwa ni ya katikati pamoja na sabufa. Tatu mara mbili, sita. Seti halisi itakuwa na matundu matatu ya 3.5 mm, au sita ya RCA, yale ya mviringo yanayobeba chaneli moja moja, yaliyoandikwa FL na FR (mbele kushoto na kulia), SL na SR (nyuma), CEN (katikati) na SUB (sabufa) au maneno yanayofanana na hayo. Ukigeuza sabufa ukakuta jozi moja tu ya RCA, nyekundu na nyeupe, basi hizo ni chaneli mbili zilizonakiliwa mara tano na amplifaya ya ndani. Katoni inaweza kuandika 5.1 kwa herufi za dhahabu. Ulichonunua ni stereo yenye spika nyingi.

Usichanganye matundu ya kuingiza na ya kutoa. Seti nyingi za bei ya chini zina RCA tano nyuma, na mnunuzi akiziona anafurahi. Hizo ndizo zinazokwenda kwenye spika. Ya kuingiza sauti huwa pembeni, mawili tu, yameandikwa AUX.

Muuzaji naye ana namna yake ya kuonyesha. Anawasha Bluetooth kwenye simu yake, anaweka wimbo wenye besi nzito, anapandisha sauti mpaka duka la jirani linalalamika, kisha anauliza, "Umesikia, bosi?" Umesikia nini? Bluetooth ya spika hizi hubeba chaneli mbili. Wimbo wa MP3 kwenye flashi ni chaneli mbili. Redio ya FM ni mbili. Kwa njia hizo tatu huwezi kuijua 5.1 hata ukikaa dukani mpaka jioni.

Jaribio linalofaa linahitaji simu yenye tundu la 3.5 mm, waya wa 3.5 mm wa ncha mbili, na mwingine wa 3.5 mm kwenda RCA mbili. Zima kwanza kitufe cha rimoti kinachosambaza stereo kwenye spika zote, maana hicho ndicho kinachodanganya. Cheza wimbo kwenye simu, chomeka waya kwenye tundu la kijani au FL na FR: kati ya zile tano, za mbele pekee ndizo zilie. Hamishia kwenye nyeusi au SL na SR: za nyuma pekee. Hamishia kwenye chungwa au CEN na SUB: ya katikati na sabufa. Ni dakika mbili. Spika zikilia zote popote unapochomeka, funga katoni, mshukuru mwenye duka, toka.

Upande wa kompyuta una matatizo yake. Laptopu nyingi zina tundu moja, nalo ni la stereo na maikrofoni kwa pamoja, basi 5.1 ya analogi haitoki hapo hata ufanye nini. Kompyuta ya mezani yenye matundu matano au sita nyuma iko tayari. Yenye matatu, samawati, kijani na waridi, mara nyingi inaweza pia: draiva ya Realtek, programu ya sauti ya kompyuta nyingi, hugeuza samawati kuwa ya spika za nyuma na waridi kuwa ya katikati na sabufa, ila unapoteza tundu la maikrofoni la nyuma. Zile za ofisi zilizotumika, zinazojaa kwenye maduka ya Kampala, nyingi zina matundu mawili tu nyuma. Hesabu kabla ya kutoka nyumbani, au piga picha nyuma ya kompyuta uende nayo.

Asiye na matundu ya kutosha anunue kadi ya sauti ya USB, na hapa pia pana mtego. Kile kijiti kidogo chenye matundu mawili, kimoja cha vipokea sauti na kimoja cha maikrofoni, kimeandikwa 7.1 ubavuni. Ni stereo. Chaneli nane hazipiti kwenye tundu moja la 3.5 mm. Unachotaka ni kisanduku chenye matundu matatu au zaidi ya kutoa sauti; vingi vya bei nafuu hutumia chipu ya CM6206 ya C-Media, ambayo inatoa chaneli nane kweli, na Windows huitambua bila CD ya draiva. Ukishaichomeka, bonyeza Windows na R, andika mmsys.cpl, bonyeza Enter. Chagua kadi mpya, bonyeza Configure, chagua 5.1 Surround, halafu Test. Kila spika italia kwa zamu. Usipofanya hatua hii Windows hubaki kwenye stereo, na utamlaumu muuzaji bure.

Wakati wa Test, ya katikati ikinyamaza kwenye zamu yake na sabufa ikaunguruma badala yake, chaneli mbili za tundu la chungwa zimebadilishana. Kwa RCA badilisha tu plagi mbili hizo. Kwa jeki ya 3.5 mm, tafuta kwenye programu ya Realtek sehemu ya kubadilisha katikati na sabufa. Kosa hili ndilo linalowafanya watu waseme "sauti za waigizaji hazisikiki". Haziwezi kusikika: zimetumwa kwenye sabufa.

Sasa orodha. Sifichi upendeleo wangu, ni Logitech, na sababu ni hesabu tu. Wanaandika wati za RMS, yaani nguvu halisi ya mfululizo, na matundu ya nyuma yanalingana na kilichoandikwa kwenye katoni.

Namba moja ni Logitech Z607. Wati 80 za RMS, zinazotosha chumba cha kawaida bila kumwamsha mwenye nyumba. Ina Bluetooth, flashi, kadi ya SD na FM, lakini inawekwa juu hapa kwa sababu ya RCA za chaneli sita. Nunua waya tatu za 3.5 mm kwenda RCA mbili, maana bila hizo utatumia stereo peke yake, na katoni haitakukumbusha.

Namba mbili ni Logitech Z506 iliyotumika, ukiipata safi. Wati 75 za RMS: sabufa 27, ya katikati 16, nne zilizobaki 8 kila moja. Inapokea jeki tatu za 3.5 mm moja kwa moja, kwa hiyo kwa kompyuta ya mezani ndiyo rahisi kuliko zote. Haina rimoti, vitufe viko kwenye spika ya mbele kulia. Kwenye iliyotumika zungusha kitufe cha sauti polepole: kikikwaruza au upande mmoja ukapotea, vumbi limeingia kwenye potenshomita, kile kifaa kilicho chini ya kitufe. Dawa ya kusafishia mguso wa umeme huiponya mara nyingi, basi dai punguzo, usiikimbie.

Namba tatu itawaudhi wengine, kwa sababu si 5.1 kabisa: Edifier R1280T, spika mbili za mbao, wati 42 za RMS. Kwa mwenye laptopu asiyetaka kununua kadi ya sauti, hii inaipita kila seti ya stereo iliyovaa joho la 5.1. Maneno ya filamu yanasikika, na waya ni mmoja.

Namba nne, F&D za 5.1. Sauti nzuri kwa bei yake, lakini modeli ni nyingi na matundu hayafanani, basi rudi kwenye jaribio la simu.

Logitech Z906 naitaja kwa sababu wengi huiulizia. Wati 500 za RMS, inafungua Dolby Digital na DTS, sauti za filamu zilizobanwa, kwa waya wa optiko, ule unaopitisha mwanga. Si ya bajeti, na laptopu nyingi hazina tundu la optiko. Tena optiko hubeba 5.1 ya filamu iliyokwishabanwa tu. Mchezo wa kompyuta kwa njia hiyo utatoka stereo usipokuwa na kitu kama Dolby Digital Live, kinachobana sauti ya mchezo papo hapo.

Zile seti za chini ya shilingi 300,000 zenye taa na maikrofoni mbili za karaoke ni za sherehe. Kwa sherehe zinafaa.

Kabla ya kutumia hata shilingi moja, angalia unachotazama. Fungua filamu kwa VLC, bonyeza Ctrl na J, soma mstari wa chaneli. Ukiona 3F2R/LFE, hiyo ni 5.1. Ukiona Stereo, hakuna spika itakayoizalisha. Filamu zilizotafsiriwa na ma-VJ, zile unazowekewa kwenye flashi kibandani, kwa kawaida ni stereo, sauti ya VJ ikiwa imelazwa juu ya kila kitu. Kama ndizo chakula chako cha kila jioni, namba tatu imekutosha.

Waya za nyuma zipime kwa utepe. Chumba cha mita 3 kwa 3.5, meza katikati ya ukuta mfupi: mita 1.5 hadi kona, 2 kuelekea nyuma ya kiti, 1 kupanda ukutani, jumla 4.5. Waya ukilazimika kuzunguka fremu ya mlango, ongeza mita 4 na zaidi. Spika zenyewe zikae pembeni mwa kiti, nyuma kidogo ya masikio, si nyuma ya kisogo. Spika zenye plagi za RCA huongezwa waya kwa urahisi. Zenye klipu, nunua waya pacha wa 0.75 mm² unaouzwa kwa mita, uangalie chanya iende kwenye chanya na hasi kwenye hasi, la sivyo besi inakonda.

Kuhusu wati, puuza PMPO, yale maelfu ya wati ya kwenye katoni. Soma kibandiko nyuma: kama kinasema 220-240V, 50Hz, 60W, seti hiyo haivuti zaidi ya wati 60 ukutani. Zile 3,000 za katoni zinatoka wapi? Na bei nayo ina vituko vyake. Unaambiwa bei, unakubali, unaomba risiti ya EFRIS, ile ya kielektroniki ya mamlaka ya kodi, bei inapanda, eti VAT ya asilimia 18 haikuwemo. Ukutani pana tangazo kwamba bidhaa ikiuzwa hairudishwi, ingawa sheria ya mwaka 2017 ya uuzaji wa bidhaa na utoaji wa huduma inataka bidhaa ilingane na maelezo iliyouzwa nayo. Mwambie aandike kwenye risiti "5.1, ingizo la chaneli sita". Anayejua anachouza huandika bila ubishi.

Seti ikiunguruma bila kucheza kitu, chomoa chaja ya laptopu. Mngurumo ukikoma, tatizo ni njia mbili za ethi, waya wa usalama unaokwenda ardhini. Chomeka chaja na sabufa kwenye ekstensheni moja, wala usikate pini ya ethi. Umeme ukikatika, zima seti ukutani usubiri dakika kadhaa baada ya kurudi. Ikishindwa kuwaka kabisa, angalia fyuzi ya kioo, kwa kawaida ya 5 kwa 20 mm, uweke yenye ampea zile zile. Wapo wanaoifunga kwa karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara; siku hiyo transfoma ndiyo inakuwa fyuzi.