Fundi wa flashi na kibao chake: nyota nne kati ya tano

Kibanda chenyewe kina upana wa mlango mmoja, kimebanwa kati ya muuza makava ya simu na mama wa chipsi, hapa Morogoro mjini. Nilifika Jumatano saa kumi jioni nikiwa na flashi ya GB 16 yenye mtihani wa Kiswahili wa kidato cha tatu, ambao ulitakiwa kuchapwa kesho yake asubuhi. Nilikuwa nimeichomeka kwenye kompyuta ya steshenari moja jirani na shule, na niliporudi nyumbani kila folda ilikuwa imegeuka shotikati: mshale mdogo pembeni, KB 1, ukibonyeza hakuna kitu.

"Mwalimu, usiguse tena. Hii imelishwa sumu," fundi akasema.

Mafundi wengi hukimbilia kufomati, yaani kufuta kila kitu, halafu wanakupa pole. Huyu alifungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, akaandika attrib, amri ya kufichua faili, na vialama vyake, akanigeuzia skrini nione. Folda zikarudi moja moja, za rangi hafifu kwanza, kisha za kawaida. Kazi zangu hazikuwa zimepotea, zilikuwa zimefichwa tu. Akafuta shotikati zote pamoja na faili moja lenye jina refu lisilosomeka. Dakika kumi na tano, shilingi 3,000.

Wakati programu yake ikikagua flashi mara ya pili nikauliza kuhusu kibao cha nje. Kimeandikwa TUNATOA VIRUSI, lakini ile VI imepakwa juu ya herufi nyingine.

"Ilikuwa KIRUSI, mwalimu. Akaja dada mmoja kuuliza kozi ni miezi mingapi."

Nilicheka mpaka mama wa chipsi akachungulia. Nikamwambia hakukosea. Neno lilitujia likiwa na "vi" mwanzoni, sikio la Mswahili likasikia wingi, likaunda umoja wake. Ndivyo tulivyofanya kwa kitabu cha Waarabu: "ki" yao ni sehemu ya mzizi, sisi tukaifanya kiambishi tukapata vitabu. Na kipilefti je, ile "keep left" ya Waingereza? Kila dereva anajua vipilefti ni vingi.

Na ile sumu aliyoitaja bila kufikiri ndiyo maana ya virus katika Kilatini. Mwaka 1892 Dmitri Ivanovsky alichuja maji ya majani ya tumbaku yenye ugonjwa kwa chujio la kauri linalozuia bakteria, na bado yakaambukiza majani mazima. Mwaka 1898 Mholanzi Martinus Beijerinck akarudia kazi hiyo, akaona hiki si bakteria, akakiita virus. Fundi akauliza huyo wa kwanza alikuwa mtu wa wapi.

"Mrusi."

"Basi kibao changu cha kwanza kilikuwa sahihi!"

Ya kompyuta hakuhitaji kufundishwa. Alijua kuhusu Brain, kirusi cha kompyuta cha ndugu wawili wa Lahore, Pakistani, mwaka 1986. Nilichomwongezea ni Fred Cohen, Mmarekani aliyeandika mwaka 1984 kuhusu programu inayojinakili ndani ya programu nyingine. Jina la virusi lilifaa, maana kirusi cha mwili nacho hakizaliani nje ya seli hai.

Nyota moja nimeipunguza kwa sababu mbili. Hatoi risiti. Halafu kwake kila ubovu ni virusi: kuna bwana alileta laptopu inayochemka, feni imejaa vumbi kama godoro kuukuu, naye akaambiwa ina virusi. Nadhani hata kibao angekitazama upya. Sisi tuliokua miaka ya tisini tukisikia fulani "ana virusi" hatuulizi vya nini, tunashusha sauti. Mzee mmoja alisimama mbele ya kile kibao muda mrefu kabla ya kuziona kompyuta ndani.

Ukienda, nenda kabla ya saa kumi na moja, maana baada ya hapo moshi wa chipsi unaingia wote ndani.

Mtihani ulichapwa Alhamisi. Usiku ule nilikuwa nimeongeza swali: andika umoja wa "virusi". Nusu ya darasa wameandika kirusi, nusu wameacha virusi, na mmoja ameandika "mdudu". Nimewapa maksi wote isipokuwa huyo wa mdudu, naye anakata rufaa.