Tathmini: Ofisi ya Kamishna wa Uteuzi wa Umma, Uingereza

Viti vya bodi za umma ni vitamu, na penye utamu hapakosi kujuana. Mwaka 1995 Uingereza iliunda ofisi ya Kamishna wa Uteuzi wa Umma, baada ya Kamati ya Nolan, iliyochunguza maadili ya watumishi wa umma, kupendekeza awepo mtu asiye waziri wala mtumishi wa wizara wa kuangalia jinsi viti hivyo vinavyojazwa. Nimeipima huduma hiyo kwa swali moja: mwombaji asiyemjua mtu serikalini analindwaje?

Kanuni za uteuzi zilizoanza kutumika Januari 2017 zinamwachia waziri uamuzi wa mwisho. Hata hivyo, jopo la usaili lazima liwe na mjumbe huru, na waziri akitaka kumteua mtu ambaye jopo limesema hafai, au kumteua mtu bila ushindani, hana budi kushauriana kwanza na Kamishna, kisha kueleza sababu zake hadharani. Sharti hilo la kueleza sababu nalithamini kuliko mengine yote, kwani anayejua kwamba maneno yake yatasomwa na kila mtu hasaini kwa wepesi.

Tatizo ni kwamba Kamishna hana mamlaka ya kutengua uteuzi, na mlalamikaji hutakiwa kuanzia katika wizara ileile anayoilalamikia.

Uteuzi wa Richard Sharp kuwa mwenyekiti wa BBC mwaka 2021 unaonyesha vizuri uzito na upungufu wa huduma hii. Kamishna William Shawcross alijiondoa katika uchunguzi wa uteuzi huo kwa kuwa aliwahi kukutana na Sharp, jambo ambalo nampongeza kwalo, na kazi akapewa wakili Adam Heppinstall. Ripoti yake ya Aprili 2023 ilisema Sharp alikiuka kanuni: hakuliambia jopo kwamba alikwisha kumweleza Waziri Mkuu Boris Johnson nia yake ya kuomba nafasi hiyo, wala kwamba alimwarifu Johnson kuwa angeonana na Katibu wa Baraza la Mawaziri kuhusu mtu aliyetaka kumsaidia Johnson kifedha. Sharp alisema hakukusudia kukiuka kanuni, akajiuzulu. Ukweli ulijulikana, lakini alikuwa ameshakalia kiti hicho kwa zaidi ya miaka miwili.

Ripoti hiyo iligusa pia habari zilizovujishwa magazetini kwamba serikali ilikuwa na mtu wake, habari ambazo huenda ziliwavunja moyo waombaji wengine. Hapa ndipo ninapoumia. Mtu anakesha akiandika maombi, anarekebisha aya ya uzoefu wake kwa mara ya tatu, kisha asubuhi anasoma kwamba kiti kina mwenyewe. Anaifunga fomu, na kwa kuwa hakuomba, hana hata kesi ya kumpelekea Kamishna.

Naipa ofisi hii nyota tatu kati ya tano. Ya nne ningeitoa siku Kamishna atakapoweza kusimamisha uteuzi kabla haujasainiwa, malalamiko yakichunguzwa.